Je, anayekunywa kombe aache vidonge vya hospitali?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mdogo wangu alijifungua hapa Tanga miezi mitatu iliyopita. Tangu arubaini yake imalizike halali usiku, analia bila sababu, na hataki hata kumshika mtoto. Daktari alisema ni sonona ya uzazi, akampa vidonge. Mama mkwe wake akampeleka kwa fundi wa tiba za kisomo, aliyemwandikia kombe la siku saba (aya za Qur'ani zinazoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa) na kumwambia aache vidonge, kwa kuwa havipatani na Qur'ani, na anayevitegemea imani yake ni haba. Tumfuate nani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam wa rahmatullah. Mrudisheni kwa daktari huyo, leo ikiwezekana, mkamweleze ni siku ngapi hakumeza dawa, kwani vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na kuviacha ghafla kunaweza kumdhuru. Kombe si lazima alimwage.

Ama neno la imani haba, huyo fundi amekosea, na kosa lake ni zito, kwa sababu amemwongezea mgonjwa mzigo wa dhambi asiyoitenda. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, kama ilivyo katika sura ya 12 aya ya 84, na hakuna Mwislamu atakayethubutu kuipima imani yake kwa machozi hayo. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa kuhusu matibabu aliwaamrisha waja watafute dawa, akasema Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Mimi nimelelewa penye kombe. Naikumbuka sahani nyeupe, zafarani iliyolowekwa katika maji ya waridi, kijiti kikipita taratibu na Ayatul Kursi, kisha maji yakimiminwa na maandishi yakiyeyuka rangi ya machungwa. Wanazuoni wamekhitalifiana juu yake: Imam Ahmad na Ibn Taymiyya waliliruhusu, wengine wakaona kisomo peke yake kinatosha. Mimi naliona linajuzu, kwa hadithi ya Awf bin Malik kwamba hakuna ubaya katika kusomea wagonjwa maadamu hamna shirki ndani yake. Lakini fundi akianza kuuliza jina la mama wa mgonjwa, au akitaka kuku mweusi, ondokeni hapo hapo.

Wala kutenganisha Qur'ani na tiba si mwendo wa waliotutangulia. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba ipo huzuni yenye sababu inayojulikana na ipo isiyojulikana sababu, na hii ya pili akaitafutia chanzo mwilini. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284 kwa mali ya wakfu, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili.

Sasa nawageukia nyinyi wa nyumbani. Katika arubaini mzazi wetu hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji, na mtoto hupokelewa mikono kwa mikono. Siku ya 41 kila mtu hurudi kwake, na yeye hubaki na usiku wake. Mdogo wako alianza kuugua pale pale watu walipoondoka. Rudisheni zamu hizo: mmoja wenu amchukue mtoto usiku ili mama apate saa kadhaa za usingizi usiokatika, na alfajiri atoke nje kidogo na mwenzake. Mpikieni talbina, uji wa unga wa shayiri wenye asali, ambao Bibi Aisha amepokea kwa Mtume kuwa hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Mitishamba na kupigwa chuku, yaani kuumikwa, msimpe kabla ya kumuuliza daktari, maana ananyonyesha, na baadhi ya miti hugombana na vidonge.

Nawasihi kwa Mwenyezi Mungu: mkimsikia akisema hataki kuishi, au akizungumza juu ya kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata dakika moja, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kombe mtamwandikia akisharudi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.