Kujifukiza milingoti: pua inazibuka kweli?

SWALI: Huku Mafinga baridi ikikaza tunajifukiza majani ya mlingoti. Yanatibu mafua au ni mazoea tu?

JIBU: Hayatibu mafua. Sineoli, mafuta yanayonukia ukifikicha jani la mlingoti (yaani mkaratusi), imepunguza dalili za sinusaiti (uvimbe wa matundu ya mifupa yanayozunguka pua) katika majaribio, ila ilikuwa vidonge vya dozi maalumu, si mvuke wa sufuria. Ule ubaridi puani hukufanya uhisi umefunguka, kumbe uvimbe wa ndani uko palepale. Hatari ni sufuria kupinduka chini ya blanketi. Mapaja ndiyo huungua. Watoto wasifukizwe kabisa. Wawekee matone ya maji ya chumvi puani: chumvi nusu kijiko cha chai, maji robo lita yaliyochemshwa yakapoa. Na mafuta ya mkaratusi hayanywewi, huleta degedege.