Wasomaji Wanauliza: Bears wa 1932 na Ubingwa wa Udongo wa Sarakasi

*Ndugu Mhariri, nimeona jedwali la ligi ya NFL ya Marekani la mwaka 1932. Green Bay Packers wameshinda mechi 10, Chicago Bears 7, na bingwa ni Bears. Ni kosa la uchapaji, au watu waliporwa kombe lao? — Msomaji, Tanga*

Jedwali liko sahihi. Siku hizo futiboli ya Kimarekani haikuwa na pointi za msimamo kama tulivyozoea kwenye soka. Walichukua idadi ya ushindi, wakaigawanya kwa jumla ya ushindi na vichapo. Sare ziliwekwa kando kana kwamba mechi haikuchezwa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Packers walimaliza na ushindi 10, vichapo 3 na sare 1. Kumi gawanya kwa 13 ni 0.769. Bears walikuwa na ushindi 6, kichapo 1 na sare 6, yaani 6 gawanya kwa 7, ambayo ni 0.857. Portsmouth Spartans, timu ya mji mdogo wa jimbo la Ohio, walikuwa na ushindi 6, kichapo 1 na sare 4: nao 0.857. Vinara wakawa wawili, na walipokutana wao kwa wao mara mbili msimu huo walitoka 13-13 na 7-7. Ikabidi iongezwe mechi moja, nayo ikaingizwa kwenye msimamo. Bears wakashinda, ndiyo maana unaona 7. Spartans wakapata kichapo cha pili, wakashuka hadi 0.750, chini ya Packers. Timu iliyocheza mechi ya kuamua bingwa ikamaliza ya tatu!

Kuporwa hapana, kwa sababu kanuni ilijulikana tangu mwanzo. Ila ilikuwa kanuni mbovu, na ubovu wake unaonekana vizuri ukitazama mwezi wa Desemba. Packers, mabingwa wa 1929, 1930 na 1931, waliuanza mwezi huo wakiwa na ushindi 10, kichapo 1 na sare 1. Tarehe 4 wakafungwa 19-0 na Portsmouth, ambao kocha wao Potsy Clark aliwaacha wachezaji wale wale 11 uwanjani mwanzo hadi mwisho, bila kubadilisha hata mmoja. Tarehe 11 wakalala 9-0 mbele ya Bears, kwenye theluji.

Sasa jaribu kuwapa Packers ushindi katika moja ya mechi hizo mbili, yoyote utakayo. Wanafika ushindi 11 na vichapo 2, yaani 0.846, na bado wanakosa ubingwa, maana mmoja wa wapinzani wao anabaki na 0.857. Lakini wape sare zote mbili: wanabaki na 0.909, wapinzani wote wawili wanashuka hadi 0.833, na kombe linarudi Green Bay. Sare mbili zilikuwa na thamani kuliko ushindi mmoja na kichapo kimoja. Kwa hesabu yetu ya soka, pointi 3 na 1, ni kinyume chake kabisa. Tangu 1972 NFL huhesabu sare kuwa nusu ushindi na nusu kichapo. Kwa kanuni hiyo, kabla ya mechi ya nyongeza Packers wangekuwa na 0.750, Portsmouth 0.727 na Bears 0.692. Lingekuwa taji la nne mfululizo la Packers.

*Nasikia Bears hao hao walicheza mechi nne za kwanza bila kupata hata pointi moja. Bingwa gani huyo? — Msomaji, Eldoret*

Ni kweli. Walianza kwa suluhu tatu za 0-0, dhidi ya Green Bay, Staten Island Stapletons na Chicago Cardinals, kisha wakafungwa na Packers 2-0. Hawakuwa peke yao katika ukame huo: katika mechi 47 za msimu wa kawaida, 10 ziliisha kwa sare. Chanzo kilikuwa kanuni za mchezo zaidi ya udhaifu wa wachezaji.

Kwanza, tangu 1927 milingoti ya goli ilisogezwa nyuma yadi 10, kutoka mstari wa goli hadi mwisho kabisa wa uwanja. Mpiga mkwaju wa pointi 3, ule wa kuupitisha mpira kwa mguu katikati ya milingoti, akaongezewa mita 9 za bure. Pili, pasi ya mbele, yaani kuurusha mpira mbele kwa mkono, ilipaswa kurushwa ukiwa angalau yadi 5 nyuma ya mstari mpira ulipoanzia. Mabeki walikuwa wakimwona mtu akirudi nyuma hatua zote hizo, wanajua kinachokuja.

Tatu ni ile inayosahaulika, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Mpira ulianzishwa pale pale ulipofia. Ukifia kandokando ya mstari wa pembeni, wachezaji wako wote wanabanwa upande mmoja na beki anajua huwezi kwenda kwingine. Timu zikawa zinatoa sadaka jaribio zima ili kuurudisha mpira katikati tu. Una majaribio manne ya kupata yadi 10. Ukishatupa moja yamebaki matatu, basi unaona heri uupige mpira kwa mguu uende mbali, mwenzako naye ahangaike nao huko.

Bears walijikwamua kwa mfumo wa kocha Ralph Jones. Aliwatawanya watu wa mstari wa mbele wakae mbalimbali zaidi, na akamruhusu mchezaji mmoja wa nyuma akimbie kuelekea pembeni kabla mpira haujaanzishwa. Beki mmoja lazima amfuate, na pengo linafunguka alikotoka. Baadaye msimu huo zikaja 27-7, 28-8, 20-0 na 34-0.

*Je, ni kweli fainali ilichezwa ndani ya ukumbi, kwenye udongo wa sarakasi? Uwanja ulitosha? — Msomaji, Nairobi*

Haukutosha, wakaupunguza mchezo uenee. Mechi ilikuwa ichezwe Wrigley Field, lakini theluji na baridi kali viliikumba Chicago. Ikahamishiwa Chicago Stadium, ukumbi wa hoki ya barafu, usiku wa Jumapili, Desemba 18, 1932. Bears walikuwa wamewahi kucheza humo na Cardinals mechi ya hisani mwaka 1930, hivyo mwenye timu, George Halas, alijua kwamba inawezekana. Sarakasi ilikuwa imetoka kufanyika humo na kuacha udongo juu ya sakafu ya zege, pamoja na harufu ya wanyama.

Uwanja wa kawaida ni yadi 100 toka goli hadi goli, na yadi 10 za eneo la goli kila upande. Humo ndani walipata yadi 60 na hizo 10 za kila upande, jumla 80, kama mita 73. Upana ulikuwa yadi 45 badala ya 53 na kitu. Ukuta ulikuwa pale pale ukingoni, kwa hiyo mtu akiangushwa pembeni hakuna nafasi ya kuanzisha mpira. Wakakubaliana uingizwe ndani yadi 10. Milingoti ikarudishwa kwenye mstari wa goli. Mikwaju ya pointi 3 ikapigwa marufuku. Watazamaji walikuwa 11,198.

Spartans walimkosa Dutch Clark, mfungaji wao bora. Alikuwa na kazi ya kufundisha mpira wa kikapu Colorado College na hakupewa ruhusa.

*Na ile pasi ya ushindi, ilikuwa halali? — Msomaji, Mwanza*

Robo ya nne, bado 0-0. Dick Nesbitt wa Bears akanasa pasi ya Portsmouth na kuufikisha mpira yadi 7 kutoka goli. Bronko Nagurski, jitu la kupasua ukuta wa mabeki, akakabidhiwa mpira mara kwa mara. Jaribio la nne, zimebaki yadi 2, kila mtu akamsongea yeye. Akaanza kuingia, akasita, akarudi nyuma, akamrushia mwenzake Red Grange aliyekuwa ndani ya eneo la goli: pointi 6. Potsy Clark akapinga kwamba hakufika yadi 5 nyuma, waamuzi wakakataa. Bears wakaongeza pointi moja ya mkwaju, kisha mbili pale Spartans walipopoteza mpira ukatokea nyuma ya eneo lao la goli. Ikawa 9-0.

Ubishi huo ulimalizwa na kanuni yenyewe. Februari 1933 ligi iliruhusu pasi kutoka popote nyuma ya mstari wa kuanzia, ikarudisha milingoti mbele, na ikafanya zile yadi 10 za kuingiza mpira ndani kuwa sheria. Mwaka huo huo timu ziligawanywa makundi mawili, na washindi wao wakakutana Desemba 17: Bears 23, New York Giants 21.

*Naishi Columbus, Ohio. Portsmouth leo haina timu. Walienda wapi? — Msomaji, Columbus*

Mji ulikuwa mdogo na hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Timu iliuzwa kwa George Richards, mwenye kituo cha redio, akaihamishia Detroit mwaka 1934. Ndiyo Detroit Lions unaowajua. Uwanja wao wa zamani bado upo, na jina lake ni Spartan Municipal Stadium.