Kufika kazini wakati pikipiki iko kwa fundi

Ndugu yangu, pole sana. Umeuliza utafikaje Kariakoo kila asubuhi kutoka Kimara wakati pikipiki yako iko kwa fundi, ikichongwa silinda (kupanuliwa tundu lake) na kubadilishwa pistoni na ringi. Hali hiyo iliwahi kunikuta, nikakosea kukodi bodaboda kila siku, hadi nauli ikala fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya vipuri. Panda mwendokasi (basi la haraka la Dar es Salaam) wa Gerezani, kituo kilichoko Kariakoo; mwendokasi una njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro na haukwami kwenye foleni kama daladala. Ila uwahi kituoni kabla ya saa 12 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo mnasukumana mlangoni. Mzigo mzito mpe mwenye bajaji.

Tafadhali usimharakishe fundi. Injini yenye pistoni mpya huendeshwa taratibu kwa kilomita 500 za mwanzo, bila mzigo wala mwendo mkali, na oili ya kwanza humwagwa mapema, nawe utaiona ikimetameta vumbi la chuma. Kwa hiyo hata ukikabidhiwa pikipiki Ijumaa, usipange kubebea magunia Jumatatu.