Arudishwe kwenye kiti chake

Mhariri, mmetuuliza: ni adabu gani ya dansi la zamani ungependa irudi? Langu ni moja. Mwanamke arudishwe kwenye kiti chake.

Niliiona nikiwa binti mdogo, miaka ya 1980, kwenye dansi la mchana wa Jumapili hapa Mwanza. Kijana alikuja mezani kwetu, mikono nyuma. "Shikamoo mzee. Naomba kucheza na mama." Baba akaitikia, akamtazama mama. Mama akatazama viatu vya yule kijana, kisha akainuka. Wakacheza rumba moja, katikati yao mtoto angeweza kupita. Wimbo ulipokwisha kijana akatangulia kumfungulia njia kati ya watu, akamvutia kiti, akangoja mpaka amekaa. "Asante mama. Asante mzee." Mama akafunga upya kitenge chake, uso umenyooka kwa raha.

Wenzangu wa rika langu huiita hiyo mila yetu. Hapana. Kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wameshindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na hakuna anayemwomba mtu kucheza. Mavuno yakishaingia, pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe, anarusha jembe na kulidaka bila kuwapotezea wenzake hatua. Adabu yake iko hapo, kwenye kwenda pamoja. Kuomba kulikuja na dansi lenyewe, foksitroti za Wazungu, lilipopata vilabu vyake mijini miaka ya 1930. Tulikupokea tukakuongezea shikamoo, na kwa hiyo shikamoo kukawa kwetu.

Leo lawama zote zinatupiwa viuno vya singeli. Mimi naona jambo lilianza mapema zaidi, na twisti ya miaka ya 1960. Kila mtu alipoanza kucheza kivyake, wa kuombwa hakuwepo tena, na wa kurudishwa pia.

Juzi harusini, Kisesa, wimbo ulikatwa ghafla ili keki iingie. Kijana aliyekuwa anacheza na mpwa wangu alikuwa ameshainamia simu yake. Binti alirudi mezani mwenyewe, kwa viatu virefu, akiwapisha waliobeba keki. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu zote.