Farasi, trela na mvua ya Idaho

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tunaishi Portland, Marekani. Mwezi wa kumi tunakwenda na farasi wawili kupiga kambi msituni Idaho; sisi tutalala kwenye gari-nyumba. Mvua ikinyesha usiku kucha, je, farasi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mvua pekee haimsumbui sana farasi. Upepo ukimkuta ameloa ndipo anapotetemeka. Mvalishe blanketi lisilopitisha maji angali mkavu. Vuta kamba kati ya miti miwili, juu ya vichwa vyao, palipoinuka, uwafunge farasi kwenye kamba hiyo, na uzungushie miti mikanda mipana ili gome lisichunike. Asubuhi chokonoa kwato. Harufu ya uozo ikikupiga, usisafiri kabla ya kuzisafisha na kuzikausha.

Kikubwa ni chakula. Misitu ya taifa huko Idaho hairuhusu nyasi kavu zisizo na cheti kwamba hazina mbegu za magugu. Zifunike kwa turubai. Zikiota ukungu tupa, hata kama bei inauma: farasi hawezi kutapika, akila kibaya kinabaki humo humo.

Na mwambie mumeo aegeshe gari likitazama njia ya kutokea. Kugeuza trela topeni kumevunja ndoa nyingi.