Ukija Kuitazama Kisumu ya Zamani, Tafuta Chumba Mjini Kati

Rafiki akinipigia kwamba anakuja Kisumu wikendi, na anataka kuujua mji wenyewe wala si Ziwa Victoria peke yake, swali ni lilelile: nilale wapi? Wengi huwa wameshaambiwa Milimani, mtaa wenye hoteli na utulivu. Ni pazuri, sibishi. Lakini aliyefuata historia mimi humwambia atafute chumba mjini kati, karibu na Barabara ya Oginga Odinga.

Kisumu ya zamani ni ndogo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, eneo hili likiwa bado chini ya Uganda. Mwaka uliofuata ndipo likahamishiwa upande wa Kenya. Kituo kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi wa reli. Mji ukakua kuanzia majini kupanda juu, na ndiyo maana bandari, maduka ya Wahindi, mnara wa saa na Msikiti wa Jamia vyote unavizungukia kwa miguu. Ukilala katikati yake, hungoji boda wala tuktuk.

Tena saa yenyewe ya kutembea ni asubuhi. Ikigonga saa tano, jua la Kisumu halina huruma. Toka saa moja, wenye maduka wakiwa hawajafungua milango ya chuma na wachuuzi hawajatandaza bidhaa barazani. Inua macho, upite vibao vya simu na dawa, utazame ukuta wa mbele pale juu karibu na paa. Baadhi ya majengo yana jina na mwaka vilivyofinyangwa kwa saruji, na kwingine rangi imepakwa juu ya rangi mpaka herufi zinakaribia kuzibika. Mnara wa saa ulijengwa mwaka 1938 na wana wa Kassim Lakha, mfanyabiashara wa Kihindi, kumkumbuka baba yao. Pita hapo polepole.

Kasoro ya mjini ni kelele, hasa Ijumaa na Jumamosi usiku. Kabla ya kutuma pesa, piga simu uulize: chumba kinatazama barabarani au uani? Jengo lina baa? Na ghorofa za juu, maji yanapanda? Anayejibu kwa kuzungukazunguka, achana naye, vyumba havikosi. Halafu kuna mbu. Huku ni ukanda wa malaria, msimu wowote. Ukishapewa ufunguo, usifungue mkoba kwanza. Teremsha neti, ivute kuelekea dirishani, uikague upande kwa upande kwenye mwanga, pamoja na pindo linaloingia chini ya godoro. Ukiona tundu, omba nyingine palepale, kabla mhudumu hajashuka ngazi.

Milimani nayo ni sehemu ya historia hiyo, na naomba usiipite tu kama mtaa wa hoteli. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi ya ngozi: Wazungu Milimani penye upepo na miti, Wahindi kwenye maduka, Waafrika wakatengewa mitaa kama Kaloleni na Shauri Moyo. Mpaka leo unauona mgawanyo huo kwenye ukubwa wa viwanja. Ukiwa na watoto, au umekuja na mzee asiyeweza kelele, kaa Milimani bila kusita, upande unaokaribiana na mji. Usiku panda tuktuk, maana njia za kati ya zile nyua huwa tupu mapema.

Kaloleni nenda mchana. Ni mtaa wenye familia za Kiislamu za tangu zamani, Waswahili na Wanubi. Salimia waliokaa barazani, uzungumze nao, ndipo uombe ruhusa ya kupiga picha. Mimi huona uchungu mgeni akipita na simu juu kana kwamba watu wa pale ni mapambo.

Kulala Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi, sikushauri kama lengo lako ni mji. Nenda alfajiri kuona mashua na mafunjo, kisha urudi. Riat, kule vilimani, ina mandhari nzuri ya ziwa na hewa baridi, ila bila gari utamaliza nauli na subira. Mtaa wa Kondele ni wa bei rahisi na chakula hakikosi, lakini siasa ikichemka, barabara zake ni za kwanza kufungwa.

Chukua chumba usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi asubuhi utaukuta mji ukifanya kazi, uingie madukani, uzungumze na wenyewe. Jumapili maduka mengi yamefungwa na magari ni machache, kwa hiyo unaweza kusimama katikati ya barabara ukatazama majengo vizuri. Ukimaliza, elekea Soko la Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku yake kubwa.