Kabla hujaenda kulea watoto wa watu kambini Marekani

Nilitumia wiki sita kujiandaa kwa mahojiano ya viza ambayo hayakufika dakika tatu. Kwa wiki tisa za kuishi na wavulana kumi wa miaka tisa ndani ya nyumba moja ya mbao kando ya ziwa, sikujiandaa hata siku moja. Sasa kila anayenipigia simu akitaka kwenda kufanya kazi kwenye kambi ya watoto ya majira ya joto, swali lake la kwanza ni lile lile: "Kaka, ubalozini wanauliza nini?" Namjibu tutafika huko. Kwanza niambie, mdogo wangu, unajua kufanya nini?

Nina sababu ya kuanza hapo. Kwenye fomu ya maombi niliyojaza kulikuwa na orodha ndefu ya ujuzi: upinde na mshale, ufinyanzi, farasi, gitaa, kayaki, kuogelea. Kila kimoja unajipa kiwango. Kwenye kuogelea nikajipa "mzuri sana". Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa naogelea tangu utotoni, na katika wenzangu hakuna aliyewahi kunipita. Mkurugenzi wa kambi aliyenihoji kwa video akafurahi, akanipanga kitengo cha majini.

Nilifika kambini, jimbo la Maine, wiki ya pili ya Juni 2023. Asubuhi ya pili tukapelekwa ziwani kupimwa. Maji ni meusi, ukitumbukiza mkono huoni vidole, na baridi yake inakubana kifuani mpaka pumzi inakwama. Kumbe mwokoaji hapimwi kwa kufika ng'ambo tu. Unaelea wima dakika mbili kwa nguvu ya miguu peke yake, mikono umeiweka kwapani. Halafu unazama mpaka chini, unaibuka na tofali la ratili 10, kama kilo nne na nusu hivi, na unarudi nalo ukiogelea chali huku umelikumbatia kifuani. Mimi tofali sikuliona. Sekunde ya arobaini nilikuwa nimeshashikilia gati.

Hakuna aliyenicheka, na afadhali wangenicheka. Zilibaki siku nne watoto wafike, na kitengo cha majini kilikuwa pungufu mtu mmoja kwa sababu ya alama niliyoweka kwenye fomu mwezi wa kumi na moja. Wakanihamishia kwenye upinde na mshale, vitu ambavyo sikuwahi kuvishika maishani. Siku nne hizo nilijifunza nikiwa na mkono wa kushoto uliovimba kwa kuchapwa na kamba ya upinde.

Kwa hiyo kwenye fomu andika unachoweza kumfundisha mtoto anayeogopa. Unachoweza kukifanya mwenyewe ni habari nyingine kabisa. Kama umewahi kufundisha mpira watoto wa mtaani, au ukashika darasa la watoto kanisani au madrasa, eleza: walikuwa wangapi, wa umri gani, kwa muda gani. Kusuka, kushona, kuchora, sarakasi, ngoma, vyote vina nafasi yake kambini. Na kama ni majini unakotaka, tafuta mwalimu mwenye cheti miezi sita kabla, ujipime kwenye maji ya wazi na ya baridi. Bwawa la hoteli litakudanganya kama lilivyonidanganya mimi.

Sasa viza. Inaitwa J-1, na mzizi wake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni. Watu wengi hawajui kwamba kuna milango miwili ya kuingilia kambini. Mmoja ni wa mlezi wa kambi: uwe na miaka 18 au zaidi, Kiingereza kiwe kinatosha kazi, na hukai zaidi ya miezi minne. Anayeingia kwa mlango huu haruhusiwi kufanywa mpishi, mwosha vyombo, mfagiaji wala karani wa ofisi. Kazi za jikoni na usafi zina mlango wake, ule wa kazi na safari za majira ya joto, nao ni kwa mwanafunzi wa chuo ambaye bado anaendelea na masomo. Soma mkataba wako ujue umepita wapi. Ukiambiwa ni mlezi halafu ukakuta unakabidhiwa sufuria kuanzia asubuhi hadi jioni, una haki ya kumpigia mdhamini wako siku hiyo hiyo.

Mdhamini ndiye shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha programu, na yeye peke yake ndiye anayetoa fomu ya DS-2019. Bila karatasi hiyo hakuna J-1. Juu yake kuna namba inayoanza na herufi N ikifuatiwa na tarakimu kumi. Orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya programu, j1visa.state.gov. Wakala akikuomba pesa ya "kufungua faili" huku jina la mdhamini wake halimo kwenye orodha hiyo, mwage. Akikuahidi kwamba kambi itakuzalia makazi ya kudumu, mwage haraka zaidi.

Ada za serikali nilizolipa mimi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya SEVIS, mfumo unaohifadhi kumbukumbu zako, nayo kwa walezi wa kambi ni dola 35, wakati aina nyingi nyingine za J-1 hulipa 220. Usikosee kisanduku pale unapolipa. Nilimshuhudia mwenzangu akilipa 220 kwa haraka ya kubofya. Ya pili ni ya ombi la viza. Mimi nililipa dola 160, na tarehe 17 Juni mwaka ule ule ikapanda kuwa 185. Ada hupanda, na masharti yenyewe hubadilika. Juni 2025 tangazo la rais wa Marekani lilisimamisha viza za J kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na mwezi huo huo waombaji wa J wakatakiwa kuacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Kabla hujamlipa mtu yeyote, ingia kwenye tovuti ya ubalozi uone pasipoti yako inasimama wapi leo. Habari za mwaka jana kutoka kwa mtu kama mimi hazitoshi.

Haya, mahojiano. Unasimama mbele ya dirisha la kioo kama benki, unazungumza kwa kipaza sauti, na nyuma yako foleni nzima inasikia. Sheria inamtaka afisa aanze kwa kudhani unakwenda kuhamia, mpaka wewe umwonyeshe vinginevyo. Niliulizwa nakwenda kambi gani, nitafanya nini na watoto, nani kalipia, na Septemba nitakuwa wapi. La mwisho ndilo lenye uzito. Mimi nilikuwa na barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula. Hakuiomba, lakini kwa kuwa ilikuwa mkononi nilijibu bila kigugumizi. Aliyenitangulia alikuwa amekariri. Aliulizwa jina la mkurugenzi wa kambi yake, akajibu kwamba anapenda sana kubadilishana utamaduni. Viza alinyimwa, na sidhani alikuwa mtu mbaya.

Dirishani utapewa au utaonyeshwa kijitabu cha haki za wafanyakazi wa muda. Kisome. Kinasema wazi kwamba mwajiri hana ruhusa ya kukushikia pasipoti.

Siku ya safari, DS-2019 na pasipoti visiingie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Afisa wa uwanja wa ndege atavitaka wakati begi lako bado linazunguka kwenye mkanda. Unaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu, na ikiisha tarehe ya mwisho una siku 30 nyingine za kutembea na kuondoka. Siku hizo ni za kutalii. Ukifanya kazi hata ya siku moja umevunja masharti.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, kwa kuwa wengi huenda kwa matarajio makubwa. Kambi za msimu zimesamehewa kima cha chini cha mshahara katika sheria ya kazi ya Marekani, ndiyo maana utaahidiwa fungu moja la msimu mzima badala ya malipo ya saa. Ukiligawa kwa saa unazokesha utalia, kwa hiyo usiligawe. Chakula na kitanda viko juu yao. Ila hati ya mshahara ikaguliwe: mwenye J-1 wa muda mfupi kama wewe hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo ni asilimia 7.65. Mimi nilikatwa mwezi wangu wa kwanza pale kambini. Nikaenda ofisini na karatasi yangu, mama wa uhasibu akaomba radhi, wakanirudishia. Wenzangu wawili hawakuangalia hata mara moja.

Begi nalo. Nilipeleka fulana kumi na sweta moja. Juni usiku wa kaskazini unaweza kukutetemesha, na koti la mvua nililazimika kuazima. Kilichonivuruga zaidi ni jua: saa mbili usiku bado linang'aa, na una kazi ya kuwashawishi watoto kumi kwamba ni wakati wa kulala. Chukua tochi ya kuvaa kichwani, soksi ndefu, na kibano kidogo cha nyusi. Kibano ni cha kupe. Kuna ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme huko Connecticut, unaoenezwa na kupe ambaye akiwa mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani na kwenye ukosi wa nywele, wewe na watoto. Ukimkuta, mshike karibu na ngozi umvute moja kwa moja juu, usimchome moto wala kumpaka mafuta. Na mmea wowote wenye majani matatu matatu kwenye kikonyo, kwa kuwa upo unaowasha ngozi vibaya, waache watoto wa kule wakuambie kwanza kabla hujaushika.

Hayo yote, ukiyasahau, mtu atakukumbusha. Usiku hakuna wa kukukumbusha.

Usiku wa kwanza, mmoja wa wavulana wangu alianza kulia juu ya kitanda cha dabo deka. Si kilio cha sauti, ni kile cha kuvuta kamasi ukijificha. Anataka kumpigia mama yake. Kambi hairuhusu simu. Neno lililonijia mdomoni ni "jikaze", kwa sababu ndilo nililokuwa nikiambiwa mimi. Mlezi mwenzangu, mzoefu wa misimu minne, alinishika bega, akapanda ngazi hatua mbili, akamnong'oneza: "Kesho kabla ya chai nahitaji mtu wa kunihesabia mishale. Wewe unahesabu vizuri?" Hakumwahidi simu wala kumwambia kesho itakuwa rahisi. Mtoto akauliza mishale mingapi. Mia na ishirini. Akalala akiwaza hesabu.

Katika wiki ile nikajifunza mengine. Mtoto akikojoa kitandani, humwamshi mbele ya wenzake. Unasubiri wote waende kula, unakunja begi lake la kulalia, unatandika lingine la rangi ile ile. Kambi nzuri huwa nayo ya akiba. Hubaki na mtoto mmoja mahali pa faragha, hata kwa nia njema. Daima kuwe na mtu wa tatu anayeona. Kama ulilelewa kwa kofi, kofi hilo liache kabisa, hata la mzaha, hata la mgongoni. Utarudishwa nyumbani siku hiyo na utastahili. Na jifunze sindano ya epinefrini, ile ya mzio mkali, kabla hujaihitaji. Watoto wenye mzio wa karanga ni wengi, na sindano inachomwa pajani, juu ya nguo ikibidi, kisha unapiga 911, namba ya dharura ya kule. Mafunzoni tulifanyia mazoezi kwenye kalamu za plastiki huku tukicheka. Wiki ya tano kuna aliyeichoma kweli, na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo kama una miezi mitatu kabla ya kuondoka, jitolee mahali penye watoto kila Jumamosi, watoto usiowajua. Jifunze michezo mitano isiyohitaji kifaa chochote, kwa siku ya mvua. Jifunze hadithi tatu za kusimulia gizani, zisizotisha. Fanya haya kabla hujarudia mara ya ishirini majibu ya ubalozi.

Na kabla hujaondoka kambini mwezi wa nane, waachie anuani inayofanya kazi. Kufikia tarehe 31 Januari wanapaswa kukutumia W-2, karatasi ya mapato ya mwaka, nayo ndiyo utakayojazia fomu ya kodi ya 1040-NR kabla ya tarehe 15 Aprili. Sehemu ya kodi uliyokatwa huenda ukarudishiwa. Yangu ilizunguka hadi Machi, kwa sababu niliwaachia sanduku la posta la shule niliyokuwa nimeshamaliza.